Penseli ya Mama Eleni

King'ora cha shamba la mkonge la Bwana Pandeli kililia mara tatu kwa siku: alfajiri kuwaamsha watu, saa sita kuwapumzisha, saa kumi kuwarudisha kambini. Kikilia saa nyingine yoyote, wanawake walitoka milangoni wakaanza kuhesabu waume zao kwa macho, kwa sababu ile mashine ya kuparua majani ya mkonge mpaka yabaki nyuzi, ambayo wenyewe waliiita korona, ilikuwa imeshika mtu.

Makarius, karani wa pili wa shamba hilo, hakuwa mtu wa korona. Alikuwa mtu wa kalamu. Alikuwa Mngoni wa upande wa Peramiho, mwembamba kama ufito wa kupandishia maharage. Alisoma kwa wamisionari mpaka darasa la nane, baba yake akafa na masomo yakafia hapo hapo, naye akaja Kilosa kwenye lori moja na manamba waliochukuliwa kukata mkonge. Kiingereza alikuwa nacho, ila kilikuwa cha ofisini tu: nimepokea barua yako, nabaki mtumishi wako mtiifu. Ilikuwa nguo ya kazi. Makarius alikitamani kile cha Jumapili, chenye kola na tai.

Alikipata ndani ya debe la pumba.

Mama Eleni, mke wa Bwana Pandeli, alifariki mwaka ule vita vya Korea vilipoanza. Daktari alisema ni homa. Kambini walisema lao kwa sauti ya chini, kwa kuwa homa peke yake haimtembezi mtu siku mbili ndani ya mkonge, peku, miiba ikimchana. Walimzika kwenye kilima nyuma ya nyumba, akitazama milima ya Mikumi, mahali ambapo hata abiria wa treni waliuona msalaba wake. Siku ya tatu Bwana Pandeli alimwamuru mpishi wake, Mathias, achome kila kitu cha marehemu: magauni, barua, viatu, vitabu. Mathias alichoma magauni, akachoma barua, akachoma na viatu. Vitabu alivitazama mara mbili.

"Karatasi nzuri namna hii nikimpa moto, moto utashukuru nini?" alimwambia Makarius, akilitua jikoni kwa karani huyo lile debe alimovificha. Akaondoka na jogoo wa Makarius kama malipo.

Vilikuwa vitabu vitatu, riwaya nene za Kiingereza, zile ambazo mtu anachumbia ukurasa wa kwanza na kuoa ukurasa wa mia nne. Na ndani yake, hapa na pale, chini ya neno moja moja, palikuwa na mstari wa penseli, mwembamba na ulionyooka. Makarius alielewa papo hapo, au alidhani ameelewa. Mama Eleni alikuwa Mgiriki. Naye alikuwa akijifunza Kiingereza!

"Mimi na yule mama tuko shule moja," alimwambia mkewe, Hildegarda. "Ila mwenzangu yuko darasa la mbele."

"Yuko kaburini," alijibu Hildegarda. "Usikimbilie kumfikia."

Kamusi hakuwa nayo. Aliyafanyia maneno kama wanakijiji wanavyomfanyia mgeni. Siku ya kwanza humuulizi kitu, unamtazama tu amekaa na nani. Ukimwona mara ya pili, unaangalia anakula nini. Mara ya tatu unamjua mpaka na ukoo. Ndivyo alivyomjua *amiable*, mtu mwenye uso wa kukaribisha wageni. Akamjua *radiant*, anayeng'aa kwa furaha. Akawajua na wale wa kurasa za mbele zaidi: *taciturn*, asiyefungua kinywa; *callous*, mwenye moyo uliota sugu; *implacable*, asiyeombeka wala kutulizwa; *desolate*, mahali au mtu aliyeachwa ukiwa. Kila alilolikamata aliliandika kwenye daftari, na sentensi yake kando.

Neno moja tu lilimshinda, na halikuwa gumu hata kidogo. Katika kitabu cha tatu, ukurasa wa mia mbili na kumi na moja, Mama Eleni alikuwa amepigia mstari neno *home*. Nyumbani. Neno ambalo mtoto wa darasa la nne analijua! Tena alilipigia mistari miwili, karatasi karibu itoboke. Baada ya hapo kurasa zilikuwa safi, hakuna alama tena. Makarius alikuna kichwa, akasema labda siku hiyo mama alikuwa anajaribu penseli.

Kujifunza bila kujionyesha ni kama kununua kofia ukaiacha kabatini. Jumapili, kwenye kilabu cha pombe, Makarius aliyatoa maneno yake kutembea. Pombe ikichacha alisema ni *callous*. Mvua ikigoma alisema ni *implacable*. Aliyefaidi zaidi alikuwa Lazaro, nyapara wa korona, Mhehe mwenye tumbo la ngoma na sauti ya kuitia ng'ombe. Wahehe na Wangoni ni watani. Mababu walichomana mikuki, wajukuu wamebaki kuchomana maneno.

"Sikilizeni Mngoni anavyokohoa Kiingereza!" Lazaro alipiga kelele. "Babu yako aliwakimbia babu zangu kwa lugha gani? Au naye alisema, samahani, mkuki wenu ni implakebo?"

"Babu yangu hakukimbia. Alikuwa anatafuta Mhehe wa kumkimbiza, wote walikuwa juu ya miti."

Watu walicheka mpaka vibuyu vikamwagika. Mtani hakasirikiwi. Atakuvua kofia, atakula nyama yako, atakucheka mbele ya mkweo, na ukinuna, mwenye kosa ni wewe.

Mwaka wa pili wa vita vile bei ya katani ilipanda, na Bwana Pandeli akaanza kuiona korona inasinzia. Mbele ya mdomo wake palikuwa na bamba la chuma, kinga ya kuzuia mikono ya walishaji isifuate majani. Kinga ilichelewesha majani. Bwana Pandeli aliagiza ifunguliwe bolti zake, akaiweka stoo, ufunguo akautia mfukoni.

Wiki ya tano king'ora kililia saa nne asubuhi.

Aliyeshikwa alikuwa Thadeo, kaka yake Hildegarda. Korona iliuchukua mkono wa kulia mpaka begani. Walimpeleka hospitali Kilosa kwenye trela la trekta, amelazwa juu ya nyuzi, na siku ileile kabla ya saa sita mashine ilikuwa inanguruma tena, mlishaji mwingine amesimama palepale, miguu yake juu ya mchanga uliomwagwa kufunika damu.

Hildegarda alikuwa na mimba ya miezi minane. Hakulia mbele ya mumewe. Alimwekea daftari mezani.

"Hayo maneno yako umeyafuga miaka miwili. Yamekula mafuta yangu ya taa, yamekula usingizi wangu. Leo yaende kazini."

Makarius aliandika barua kwa mkubwa mmoja wa serikali pale Kilosa, kuomba kinga irudishwe. Aliandika kwa mkono wa kushoto, kwa herufi kubwa kama mtoto anayeanza shule, wala hakuweka jina. Akijulikana, alijua la kumpata: kazi basi, nyumba ya makarani basi, na jina lake litapelekwa shamba hadi shamba mpaka asipate hata pa kufagia. Tena hayo ni kama Bwana Pandeli angekuwa na siku nzuri. Mwandiko, basi, aliuficha vizuri kabisa. Maneno hakuyaficha. Angewezaje? Alikuwa na karamu moja tu maishani ya kuyavalisha. Akasema moyo wa mwenye shamba ni *callous*, amri zake ni *implacable*, kambi imebaki *desolate*. Jumamosi, akienda kumwona shemeji yake hospitali, alipita njia ya Mabwerebwere na kuzunguka mji mzima ili asionekane, akaitumbukiza barua posta.

Yule mkubwa alikuwa akinywa na Bwana Pandeli. Barua ilifika shambani Jumatano.

Makarani wote wanne waliitwa. Bwana Pandeli alisimama nyuma ya meza, karatasi mkononi. Hakufoka. Mtu huyu alikuwa wa kufoka, hata kuku walimjua, lakini siku hiyo alizungumza taratibu, kama mtu aliyesikia hatua chumbani mwa nyumba aliyoifunga mwenyewe.

"*Callous*," alisoma. "Nani anajua maana yake?"

Makarius alitazama viatu vyake kama vile vilikuwa vimeandikwa kitu.

"Hakuna? Haya. Rudini kazini."

Hivyo tu. Jioni Mathias, yule mpishi, alikuja mlangoni kwa Makarius.

"Leo kaniuliza kitu. Kaniuliza, vitabu vya Mama vilichukua muda gani kuungua."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia muda mrefu, bwana, ni karatasi nzito. Akasema, ndiyo, ni nzito. Akaendelea kula." Mathias alishika mwimo wa mlango. "Ndugu yangu, choma."

Makarius alichoma viwili. Cha tatu, chenye lile neno lenye mistari miwili, kilimgomea mikononi. Alikichimbia ndani ya gunia la mahindi, na Hildegarda alimtazama akifanya hivyo.

Siku ya tisa tangu ashikwe na korona, Thadeo alifariki.

Walimzika kwenye makaburi ya shamba, nyuma ya mistari ya mkonge mchanga. Katekista alisali. Bwana Pandeli alikuja, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, akasimama nyuma kabisa, kofia mkononi. Baada ya amina ikafika zamu ya watani, kwa kuwa Mngoni hafukiwi kimyakimya kama Mhehe yupo. Ni Lazaro aliyechimba kaburi, na ni Lazaro aliyekuwa na haki ya kuwakausha wafiwa machozi.

Akaruka juu ya kifusi. Machoni alikuwa amevaa miwani aliyoisuka kwa nyuzi za katani. Mkononi alishika tofali, akajifanya analifungua kama kitabu. Akaibana sauti yake nene mpaka ikawa nyembamba, akalaza shingo upande, akawa Makarius mtupu.

"Thadeo shemeji yangu!" alilia. "Kufa bila ruhusa ya karani ni *callous*! Na wewe kifo, hutulizwi kwa pombe wala kwa kuku, wewe ni *implacable*! Tazama Wangoni walivyobaki, hata wa kuiba mbuzi hawana, wako *desolate*!"

Watu walicheka huku machozi yakiwatoka. Hata mama mmoja aliyekuwa amezimia alifungua jicho. Lazaro alikuwa ameyasikia maneno hayo kilabuni tangu mwaka juzi, na aliyatamka vizuri kuliko Makarius alivyowahi kukiri. Makarius alimkazia macho. Alitikisa kichwa. Aliweka kidole midomoni. Na Lazaro, kwa furaha, akayaiga yote: akakaza macho, akatikisa kichwa, akaweka kidole midomoni. Watu wakazidi kuvunjika mbavu. Angefanya nini? Kumkemea mtani juu ya kaburi ni laana.

Makarius aligeuka nyuma. Bwana Pandeli hakuwa akicheka. Alivaa kofia yake taratibu, akaondoka kwa miguu, akiacha gari lake na dereva wake palepale.

Kesho yake, saa tisa alasiri, Makarius aliitwa nyumbani kwa Bwana Pandeli. Aliambiwa aje na kitabu. Si vitabu, kitabu. Kana kwamba mtu alikuwa amehesabu majivu.

Bwana Pandeli alikuwa amekaa barazani. Mezani palikuwa na bunduki yake ya kuwindia Mikumi, imefunguliwa, kopo la mafuta pembeni. Alikuwa akiifuta kwa kitambaa, kipande kwa kipande.

"Nani alikupa?"

"Nilikiokota jalalani, bwana."

"Jalalani." Alilirudia neno hilo bila kulikataa. Jikoni, sufuria iliyokuwa ikisuguliwa ilinyamaza. "Kwa nini ulijifunza haya maneno, na si mengine?"

"Nilifuata mistari ya Mama, bwana. Nilidhani naye anajifunza."

Bwana Pandeli aliinua macho. Kwa mara ya kwanza Makarius aliyaona vizuri, mekundu, ya mtu aliyekesha wiki nzima.

"Mke wangu alisoma kwa Waingereza, Aleksandria. Alikijua Kiingereza kabla hajanijua mimi. Asiyekijua nilikuwa mimi. Alikuwa na kitabu hicho siku niliyomleta hapa. Soma. Yote aliyopigia mstari. Toka mwanzo."

Makarius alifungua. Ukurasa wa tatu.

"*Amiable*," alisoma.

"Endelea."

"*Radiant*. Ukurasa wa kumi na nne."

"Endelea."

Alisoma, na akisoma alianza kusikia kitu ambacho kwa miaka miwili, akiyaokota moja moja kama kuku, hakuwahi kukisikia. Maneno yalikuwa yakitembea. Yalianzia kwenye jua, yakawa yanateremka. Kufika ukurasa wa themanini hakukuwa tena na la kung'aa. *Taciturn*. Mia moja na mbili, *callous*. Mia na arobaini, *implacable*. Haikuwa orodha ya mwanafunzi. Alikuwa mtu mmoja, ameelezwa na mtu mwingine aliyeishi naye nyumba moja. Na mtu huyo alikuwa amekaa mbele yake, kitambaa kimesimama juu ya mtutu.

Makarius alifunua mbele. "*Desolate*," alisema. "Mia na tisini na nane."

"Endelea."

Lilibaki moja. Makarius aliliona kwenye kona ya jicho, mistari yake miwili, na sasa alilijua kama mara ya tatu, mpaka ukoo: mama alikuwa akiomba kurudi kwao. Kufunga kitabu kungekuwa rahisi. Basi, bwana, yameisha. Nani angemlaumu? Alimfikiria Hildegarda na miezi yake minane. Kisha akamfikiria yule mama, ambaye alishika penseli mpaka karatasi ikakaribia kutoboka, na hakuna mtu aliyewahi kumsomea neno lake.

"*Home*," alisoma. "Mia mbili na kumi na moja. Mara mbili, bwana."

Upepo ulipita ndani ya mkonge, majani yakasuguana kama visu.

"Alinisomea kitabu hicho kwa sauti," alisema Bwana Pandeli. "Kila jioni, hapa hapa. Akifika kwenye neno lenye mstari alinyamaza, ananitazama. Na mimi nililirudia. Kama mtoto. Nilidhani ananifundisha." Alinyoosha mkono. "Lete."

Makarius alimpa kitabu. Bwana Pandeli alitoa ufunguo wa stoo mfukoni, akausukuma juu ya meza mpaka ukadondoka upande wa pili.

"Mpe nyapara. Arudishe kinga. Korona isiwashwe mpaka irudi." Kisha akaanza kuiunga bunduki. "Wewe, treni ya saa tano kesho. Nisikuone tena."

Stesheni ya Kimamba, kesho yake, Lazaro ndiye aliyewabebea Makarius na Hildegarda sanduku kichwani tangu kambini. Alikuwa ameambiwa yote, na hakulala.

"Mhehe mzima, punda wa Mngoni," alisema, lakini sauti haikupanda. "Makarius, mdomo wangu…"

"Mtani haombi radhi. Tua sanduku, umelibeba kama mwanamke anayebeba ndizi."

"Kinga tunaifunga. Nimeacha watu wanakaza bolti." Alijifuta jasho. "Angalau Thadeo…"

King'ora kililia.

Wote watatu walisimama. Hildegarda alishika tumbo. Saa ya stesheni ilionyesha saa tano kasorobo.

"Haiwezekani," alisema Lazaro. "Korona haijawashwa. Ufunguo wa injini ninao hapa mfukoni."

Kiliendelea kulia, bila kukatika, kama mtu aliyekiegemea. Treni ilikuwa inaingia stesheni Mathias alipotokea kwenye vumbi, akikanyaga baiskeli isiyo na breki, akajiangusha nayo.

"Wanaita watu wa kutafuta," alihema. "Bwana katoka alfajiri. Kaingia kwenye mkonge, peku kama Mama, upande wa kilima. Viatu vyake viko barazani, vimepangwa vizuri. Bunduki haipo."

Lazaro alimtazama Makarius. Alimshika mkono, akauachia, akageuka akaanza kukimbia kuelekea shambani na tumbo lake lote.

"Panda," alisema Hildegarda.

Makarius alipanda. Treni ya Morogoro ilijikokota kupita shamba, na mistari ya mkonge ikawa inafunguka na kufunga mbele ya dirisha, inafunguka na kufunga, na ndani ya kila mstari mtu mmoja alikuwa anatembea taratibu, anaita, "Bwana! Bwana Pandeli!" Makarius alifungua daftari lake, akalifunga.

Kisha kilima kikaja. Msalaba ulikuwa palepale. Chini yake, juu ya mawe, kitabu kilikuwa kimewekwa wazi, na upepo ulikuwa unazifunua kurasa zake moja baada ya nyingine, zile safi, zisizo na mstari. Karibu nacho hapakuwa na mtu.

Hildegarda alinyoosha mkono, akateremsha kioo cha dirisha. King'ora walikisikia bado.